Shangazi, natia udhu kwa ndoo mbili na bado najiona mnafiki

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimezichana. Kila nikifika mwisho naona kuna neno nimelikosea, au nimejisifu, au nimemsengenya mtu, basi naanza upya. Hii ya nne naituma kabla sijaisoma.

Nina miaka 36, naishi Tanga, Ngamiani. Nina mume na watoto watatu. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Zamani sikuwa mtu wa dini sana. Nilisali, lakini sala za kulipua: nikipata nafasi nasali, wateja wakijaa nasema nitalipa usiku, na usiku ukifika nalala. Marehemu mama aliishi nasi miaka yake ya mwisho, na hakuchoka kunikumbusha. Adhana ikitoka tu, "Mwanangu, sala." Siku moja wakati wa Alasiri, sare za shule za watu zimenielemea, akaja kusimama mlangoni na tasbihi yake. Nikamwambia, "Mama, acha kunilinda kama mfungwa." Akageuka, akaingia ndani, hakusema neno. Siku ya tatu yake akaanguka alfajiri akienda kutawadha. Hatukumuwahi. Huu ni mwaka wa pili.

Kwenye hitima yake sheikh alisema mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Nikajiapiza kuwa nitajirekebisha.

Nikaanza na sala tano kwa wakati wake. Kisha nikapiga hesabu ya sala nilizoziacha tangu kubalehe, nikakadiria miaka 12, nikaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja: sala 21,900. Nikaanza kuzilipa, tano kwa siku, halafu kumi, halafu ikawa nikikosa kumi silali.

Udhu ndio ulioniharibu. Ilianza kwa kiwiko. Niliona kama maji hayakufika, nikarudia. Kesho yake nikawa na shaka na visigino. Sasa hivi udhu mmoja unanichukua nusu saa na ndoo mbili kubwa za lita ishirini. Vidole vya miguu vimechubuka. Nikimaliza nahisi kama upepo umenitoka, narudi tena bombani. Nikisimama kwenye mswala, takbira haikai: nasema Allahu Akbar, najiuliza kama nia ilikuwepo, nakata, nasema tena. Juzi mwanangu wa miaka tisa aliniambia, "Mama, leo umefika ya kumi na nne." Kumbe huwa anahesabu. Mume wangu, ambaye ni mpole, aliniuliza usiku, "Wewe unasali au unagombana na mtu?"

Kwenye Fatiha nakwama mwisho, "waladh-dhaalliin". Ile herufi ya dhaadi haitoki. Narudia mpaka koo linakauka.

Ramadhani iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Nilikwenda tarawehe msikitini. Usiku wa dua ya kunuti kina mama wote walionizunguka walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nafikiria gauni la Idi la mteja ambalo zipu yake niliitia kinyume. Nikajifinya paja machozi yatoke, hayakutoka. Nikajifunika uso kwa mtandio, nikatikisa mabega. Shangazi, nilijifanya nalia mbele ya Mungu. Tangu usiku ule najua mimi ni mnafiki. Darsa la wanawake nimeacha, naona haya. Na wiki hizi mbili kuna sala naziacha makusudi, kwa sababu naona bora nisisali kuliko kumfanyia Mungu mzaha.

Jirani yangu anasema nina jini la maji, ndiyo maana sibanduki bombani. Ana mtu wake wa kunitoa.

Nataka unijibu matatu. Sala zangu zinakubaliwa? Mimi ni mnafiki au si mnafiki? Na hilo jini, niende?

Mama wa Ndoo Mbili, Tanga

* * *

Marahaba mwanangu, waalaykum salaam.

Barua yako imefika ikiwa na kurasa saba, pande zote mbili. Nimeipunguza, na nimeondoa yanayoweza kukutambulisha mtaani. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama pale mtoto anapohesabu takbira. Mara ya pili nikasimama pengine kabisa, nitakuambia baadaye.

Mimi si sheikh wala daktari. Nimesoma chuo cha Kurani kama wengi wetu wa pwani, nimelea, nimezika. Mambo ya fikihi nimemuuliza anayeijua, na ya tiba nimemuuliza muuguzi wa afya ya akili.

Swali lako la kwanza silijibu. Sijui kama sala zako zinakubaliwa, kama nisivyojua za kwangu. Na hata ningekuwa na jibu nisingekupa, maana najua lingekaa nawe mpaka Magharibi tu, kisha ungeanza kujiuliza kama Shangazi alikuelewa vizuri. Nadhani umeshawauliza wengi. Mume umemuuliza, "Umeona nilivyoosha kiwiko?" naye akasema ndiyo, na ile ndiyo haikumaliza hata dakika tano. Kuuliza nako ni kurudia udhu, ila badala ya maji unatumia watu.

Ulicho nacho kina jina, na jina lake ni la zamani: waswasi, yaani shaka isiyokoma inayomfanya mtu arudie ibada. Nimeshangaa kidogo kwamba katika kurasa saba hukulitaja hata mara moja, ingawa kila aliyepita chuoni amelisikia. Chuoni kwetu tulikuwa na mwenzetu aliyekwama palepale unapokwama wewe, kwenye dhaadi. Tulimcheka, Mungu atusamehe. Mwalimu hakumcheka. Alimwambia, "Soma ulivyonayo, upite." Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ile haikuwa huruma tu, ilikuwa elimu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, msomaji hodari wa Kurani yuko pamoja na malaika watukufu, na yule anayesoma kwa kukwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Basi wewe na ulimi wako mko mahali panapojulikana. Hakuna aliyewaambia muwe hodari kwanza.

Tuje kwenye maji. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, au akizidisha hadi mudi tano. Mudi ni maji yanayojaa viganja viwili vilivyounganishwa. Ukikipima kipimo hicho kwa lita, wanaopunguza wanasema nusu, na wanaozidisha wanasema robo tatu. Ndoo zako mbili ni lita arobaini. Fanya hesabu mwenyewe, wewe ni mtu wa vipimo: kwa maji ya udhu wako mmoja, Mtume angetawadha zaidi ya mara hamsini. Na aliyeonyeshwa kuosha mara tatu tatu aliambiwa kwamba mwenye kuzidisha hapo amefanya vibaya na amedhulumu. Umekuwa ukidhani kuzidisha ni tahadhari. Kumbe huko unakokimbilia ndiko ulikokatazwa kwenda.

Na ule upepo? Uliulizwa zamani hizo hizo. Mtu alilalamika kwamba akiwa ndani ya sala hudhani kimemtoka kitu. Jibu la Mtume likawa asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Mimi hilo jibu hulipenda kwa jinsi lilivyo wazi, halina haya wala halina mzunguko. Hapo ndipo wanazuoni wanapoegemeza kanuni yao kwamba yakini haiondolewi na shaka. Udhu wako ulikuwa yakini. Ulichohisi ni shaka. Shaka hailingani na yakini kwa mizani, basi usiipandishe cheo.

Utaniuliza, sasa nifanye nini shaka ikija, maana itakuja tu. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, basi nikuletee mtu wa nyumbani. Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni wa Kishafii aliyeishi Makka karne ya 16, aliulizwa kuhusu waswasi na dawa yake. Akasema dawa yake yenye manufaa ni kuipuuza kabisa, hata kama nafsi ina kusitasita kwa namna yoyote ile. Ukiipuuza haikai, huondoka baada ya muda mfupi. Ukiisikiliza na kuifuata huzidi, mpaka imfikishe mtu kwenye hali ya wendawazimu au mbaya zaidi. Angalia hakusema ujibizane nayo, wala uikanushe kwa hoja. Wewe umekuwa ukiijibu kwa maji miaka miwili, nayo kila ikijibiwa inarudi na swali jipya. Kiwiko, halafu kisigino, halafu upepo, halafu nia.

Yule muuguzi, ambaye si Mwislamu na hajawahi kumsikia Ibn Hajar, aliponieleza namna wanavyowatibu watu wa hali hii nilibaki kucheka. Wanamfundisha mgonjwa kuacha jambo likiwa halijamtulia moyoni, na kukaa na ule wasiwasi bila kurudia. Wasiwasi unapanda, unafika kileleni, unashuka wenyewe. Mtu akivumilia mara nyingi, ubongo unazoea. Kwa wengine huongezwa vidonge. Na si jambo jipya hata kwa upande wetu: zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, Mwislamu wa Balkh, aliandika juu ya waswasi katika maradhi ya nafsi, kando kidogo ya maradhi ya mwili, na akaeleza tiba zake. Kwa hiyo nenda hospitali ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili, uwaonyeshe na hivyo vidole vilivyochubuka. Usione haya. Sukari ikipanda unakwenda, presha unakwenda.

Jirani na jini lake la maji sina ugomvi nao, ila fedha ya huyo mtu wake nunulia uzi. Ukitaka kusomewa Kurani nyumbani moyo utulie, asome mumeo au wewe mwenyewe, ni bure.

Sasa unafiki. Hapa nataka tukae kidogo.

Kulikuwa na sahaba anaitwa Hanzala, mmoja wa waliokuwa wakimwandikia Mtume. Siku moja alikutana na Abu Bakari, akaulizwa, "U hali gani, Hanzala?" Akajibu, "Hanzala amekuwa mnafiki." Abu Bakari akashtuka: "Subhanallah, unasema nini?" Akaeleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume, akiwakumbusha pepo na moto, huwa kama wanaviona kwa macho. Lakini wakitoka pale wakarudi kwa wake na watoto na mashamba, mengi huyasahau. Unajua Abu Bakari alimjibuje? Hakumtuliza wala hakumkaripia. Alisema, "Wallahi na sisi hutupata hayo." Wakaenda wote wawili kwa Mtume. Naye akawaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao. "Lakini, ewe Hanzala, saa na saa." Akalirudia neno hilo mara tatu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim.

Saa na saa. Hanzala alikuwa na mke na mashamba, wewe una gauni lenye zipu iliyotiwa kinyume. Mimi katika kunuti niliwahi kukumbuka kwamba sikuzima jiko la mafuta, nikatoa salamu mbio. Akili ya mwanadamu inabeba mzigo wake mpaka kwenye mswala kwa sababu haina mahali pengine pa kuutua. Na katika wale kina mama waliokuwa wanalia, nina hakika kulikuwa na aliyelia kwa ajili ya mume, aliyelia kwa ajili ya deni, na aliyelia kwa sababu jirani yake analia. Machozi ni maumbile. Kuna watu machozi yao yako karibu, na kuna watu wanaweza kumzika mzazi mkavu wa jicho, kisha wakalia mwezi wa tatu wakikuta kanga yake kabatini.

Ule mtandio na yale mabega, hilo lilikuwa kosa, sitakuficha. Ulijionyesha. Omba msamaha mara moja, uendelee. Lakini mnafiki anayekosa usingizi kwa kuogopa unafiki, mimi bado sijamwona. Mnafiki hana shida hiyo, analala vizuri.

Nikuambie jambo ambalo huenda halitakupendeza. Watu siku hizi wanapenda kusema "jikubali ulivyo", na ukiniandikia mimi unatarajia nikuambie hivyo hivyo. Sipendi neno hilo likiachwa peke yake. Kurani katika sura ya Kiyama inaiapia nafsi inayojilaumu. Kujilaumu kumetajwa mahali pa heshima, na ulipojilaumu kwa sala za kulipua ulikuwa sawa kabisa. Lakini lawama ina kazi yake, ikishaifanya iondoke. Wewe uliiona sala mbovu, ukarudi ukaanza kusali kwa wakati. Pale lawama ilikuwa imemaliza kazi. Haikutoka. Ilivuta kiti, ikakaa, ikaanza kukagua visigino. Na sasa imekufikisha pale ambapo uzembe wako wa zamani haukuwahi kukufikisha: kuiacha sala makusudi. Zamani uliacha kwa sababu ya wateja, leo unaacha kwa sababu ya sala yenyewe. Mtaka yote hukosa yote.

Wewe ni fundi, unalijua hili kuliko mimi. Mshono ukienda upande kidogo unaweza kuufumua ukaushona tena. Mara ya pili unaweza. Ukifumua mara ya sita kitambaa kimejaa matundu ya sindano, hakishiki uzi tena, na mteja hana nguo. Fundi mzuri anajua mshono upi aufumue na upi aupige pasi uende. Wewe takbira unaifumua mara kumi na nne.

Kuna siku Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka kusimama katika sala huishika. Akasema ifunguliwe, kila mmoja asali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Mara nyingi nimemfikiria huyo mama na kamba yake. Alikuwa na nia njema, hakuna awezaye kumlaumu, na bado kamba ilifunguliwa. Zile sala kumi za kulipa ambazo usipozimaliza hulali, ile ni kamba. Kulipa ulipe, madhehebu yetu yanakutaka ulipe, lakini kwa mwendo wa mtu mwenye watoto watatu na cherehani. Sheikh niliyemuuliza alisema mtu wa hali yako atosheke na sala moja ya kulipa baada ya kila faradhi, na akiumwa apumzike. Kwa undani zaidi chagua sheikh mmoja huko kwako, mmoja tu, na akishakujibu usiende kwa wa pili. Ile hesabu ya 21,900 irarue. Daftari la vipimo libaki la vipimo.

Sasa nikuambie nilisimama wapi mara ya pili.

Nilisimama kwenye "mtoto mwema". Umelitaja neno hilo mara moja tu, juu juu, ukaruka ukaenda kwenye hesabu ya sala. Lakini nimeipanga barua yako yote kuanzia hapo na naona kila kitu kinakaa. Ulimwambia mama yako neno zito. Hakukujibu. Siku tatu baadaye akafa, akiwa njiani kwenda kutawadha. Kisha ukasikia kwamba kinachomfikia huko aliko ni dua ya mtoto mwema. Ukajiuliza, na kama mimi si mwema? Dua yangu itamfikaje? Tangu hapo umekuwa ukijiosha uwe mwema, na sehemu uliyochagua kuosha ni udhu, jambo lile lile alilofia njiani. Mwanangu, kiwiko kilishapata maji siku nyingi. Unachojaribu kukiosha ni lile neno la mlangoni, na neno halioshwi kwa ndoo.

Labda nakosea. Mimi nakusoma kwenye karatasi tu. Lakini kama nimegusa penyewe utajua, na pengine yale machozi uliyoyatafuta kwa kujifinya yatakuja hapo yenyewe.

Hadithi inasema mtoto mwema. Haikusema mtoto asiyekosea, wala mtoto aliyemaliza madeni yake yote ya sala. Mama yako alikulea, alikujua tangu hujui kushika kijiko, aliujua ukali wako wa wakati wa kazi. Nina watoto wanne, na wote wameshanijibu vibaya mlangoni. Unanyamaza, unaingia ndani, unatafuta kitu cha kufanya, na kufika usiku umeshasahau kwa sababu unawaza chakula cha kesho. Ukimya wa mama si lazima uwe hukumu. Mara nyingi ni uchovu tu.

Mwombee leo, kwa ulimi huo huo unaokwama kwenye dhaadi. Mwombee kwa Kiswahili kama Kiarabu kinakutia hofu. Mwambie Mungu jinsi ulivyomjibu, mara moja, kwa maneno yako, kisha umwombee. Na nenda kamwone yule rafiki yake wa karibu, lazima alikuwa naye mmoja, umpelekee hata kilo ya sukari. Wema kwa mzazi aliyekufa una njia hiyo pia, kuwatazama waliokuwa wapenzi wake. Utasikia na hadithi za mama yako ambazo huzijui, na si ajabu ukasikia alivyokuwa akikusifia.

Kuhusu udhu, fanya hivi kuanzia kesho. Tafuta kopo la lita moja. Nakupa zaidi ya mudi, usinilalamikie. Lijaze, funga bomba, uondoke hapo bombani, utawadhe kwa hilo. Likiisha, udhu umekwisha, hata kama kisigino kinapiga kelele. Nenda mswalani. Takbira moja. Moyo ukikuambia haikukaa, endelea na hiyo hiyo isiyokaa. Fatiha mara moja, dhaadi itoke itakavyotoka. Siku za mwanzo utaona kama unafanya dhambi, kifua kitabana, mikono itataka kurudi kwenye maji. Hiyo ndiyo homa yenyewe. Kaa nayo, chukua nguo ya mtu ushone, na ujue itashuka. Kuna siku utashindwa na kurudia. Basi siku hiyo umerudia, usianze kujihukumu tena kwa kurudia. Kesho unachukua kopo.

Mume mwombe kitu kimoja: ukimuuliza kama umeosha vizuri, asikujibu ndiyo wala hapana, akupe mkasi uendelee na kazi. Ni mpole, ataweza. Na yule mdogo mwachishe kazi ya kuhesabu, umwambie mama alikuwa anaumwa na sasa anatibiwa. Usimwache akue akidhani sala ndivyo ilivyo. Darsa rudi, ukae nyuma kama unaona haya.

Niandikie baada ya wiki tatu, unieleze na hospitali wamesemaje. Ukurasa mmoja, mwanangu, na usiuandike mara mbili.

Shangazi